Mlima wa Foamu

Fedheha iliyonipata jana matangani bado inaniwasha mashavu. Mzee mmoja mwenye taadhima zake, aliyeketi kando yangu wakati msemaji wa ukoo alipokuwa akizieleza sifa za marehemu, aliunyosha mkono polepole, akanitoa punje nyeupe ndevuni, akaitazama, akanitoa na ya pili, kisha akaniuliza, kwa sauti iliyowafikia hata wanawake waliokuwa jikoni, "Mwanangu, umetoka kunyonyoa kuku?"

"Hapana, baba," nikajibu, "nilikuwa nachonga mlima."

Jawabu hilo halikunifaa kitu. Mzee alitaka kuitupa punje, nayo ikakataa kumtoka kidoleni. Akaipangusa kwenye suruali, ikapanda mkono wa koti. Akaipuliza, ikaruka ikatua juu ya kilemba cheusi cha mjane mwenyewe, ambaye binti yake, katika kuiondoa kwa adabu, aliihamishia begani mwa mchungaji. Hata ilipofika sala ya mwisho, safu nzima ya waombolezaji ilikuwa imevaa alama yangu, na wajukuu wa marehemu wameziba vinywa kwa viganja, mabega yakiwatetemeka, wala si kwa kilio.

Mlima wenyewe ni wa reli. Watoto waliozaliwa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hawajapata kuiona treni ambayo wazee wao huisimulia kila jioni, ile ya kwao Kongo, ya Kabalo hadi Kalemie, ambayo reli yake ililifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Basi nikaazimia kuwatengenezea mfano wake juu ya ubao wa mlango, kwa treni ya Kichina iendayo kwa betri, na vilima vya foamu ile nyeupe ifungiwayo friji na televisheni, ambayo hutupwa nyuma ya maduka ya Area 2 kule Lilongwe.

Na foamu, msomaji wangu, ni kitu cha ajabu. Asili yake ni chembe za plastiki zilizofichiwa gesi ndani, ambazo zikipigwa na mvuke wa moto hulainika na kufura hata mara 40 ya ujazo wake, kisha hutiwa katika kalibu na kupigwa mvuke tena mpaka zikashikamana. Kwa hiyo alikumbatiaye bonge la foamu amekumbatia hewa. Desturi ya mafundi ni kuikata kwa waya wa nikeli na kromi uliopashwa moto kwa betri, maana waya huyeyusha njia yake na kuacha uso laini. Walakini betri ya sola ikiisha moto ukabaki na kisu cha mkate, kisu hakikati bali hung'oa punje mojamoja, na kila punje, kwa kule kusuguliwa, hubeba umeme ambao plastiki haina njia ya kuutoa, ikawa haina budi kumganda kiumbe wa kwanza apitaye. Wakati wa mvua unyevu wa hewa huutorosha umeme huo; lakini Julai, hewa ya wilaya yetu ya Dowa ikishakauka, hakuna wa kumwokoa mwenye ndevu.

Mengine ni madogo. Gundi ya viatu ilikula handaki. Kuku wa jirani walikula stesheni.

Bonge kubwa kuliko yote lilivunjwa vipande kwenye kizuizi cha barabara ya M1, na askari aliyetaka kujua nimeficha nini ndani ya hewa. Nilimwonyesha kibali changu, akakisoma, akaendelea kuvunja. Punje zake zilipanda mabega ya abiria wa minibasi zikaenda zao hadi Kasungu, wala hazikuulizwa karatasi. Hapo sikucheka, na hata sasa sicheki. Tangu amri ya serikali ya mwaka 2023 iliyowarejesha kambini wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini, mtu wa hapa haendi Lilongwe, mwendo wa yapata kilomita 45, hata kwa kuokota takataka, ila kwa ruhusa. Na mahali hapa, palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, tumo watu zaidi ya 50,000.

Kwa hiyo namsihi kila anunuaye friji mjini Lilongwe asiichome foamu yake, kwani moshi wake una sumu, na mlima wangu haujapata kilele; na amkabidhi yeyote ajaye Dzaleka, ikiwa nzima.