Elimu ya Juu ya Tiketi ya Msimu

Mabibi na mabwana, wazee wangu, akina mama mliotoka kazini moja kwa moja, na wewe kijana uliyefuata sambusa: karibuni. Simu zizimwe tafadhali. Mwenye kutaka kunirekodi anirekodi, ila asinikate katikati ya sentensi, maana sentensi zangu ni ndefu na kilele chake kiko mwishoni.

Mwenyekiti amenitambulisha kama "mpenzi wa raga". Namshukuru, na hapohapo namsahihisha. Mpenzi ni yule anayelowa jukwaani. Mimi ni mtaalamu wa bei za tiketi za msimu katika raga ya ligi, fani ambayo vyuo vikuu vya Uingereza havijaifungulia idara mpaka leo, kwa wivu tu. Shahada nimejitunuku mwenyewe baada ya kujihoji kwa ukali, na ifahamike kwamba mara ya kwanza nilijifelisha.

Tuanze na historia, kwa sababu mtaalamu asiye na historia huitwa mchambuzi.

Tarehe 29 Agosti 1895, katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, wakuu wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana wakajitenga na chama cha raga cha London. Ugomvi ulikuwa juu ya nini? Shilingi sita. Mchezaji wa huku kaskazini alikuwa mchimba makaa, kibarua wa kiwanda cha nguo, kuli wa bandarini. Jumamosi naye yuko kazini. Akienda kucheza anakatwa ujira. Klabu zikataka kumfidia siku aliyoipoteza, shilingi sita. Mabwana wa kusini, ambao Jumamosi yao ilikuwa mali yao, wakasema mwanamichezo wa kweli hagusi pesa. Basi wakaachana, na huku kaskazini ikazaliwa raga ya ligi. Mwaka 1906 watu wa kaskazini wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13. Wanahistoria wanasema nia ilikuwa kuupa mchezo nafasi na kasi. Mimi naona fidia mbili zimepungua.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba siku hizi pesa imeharibu raga ya ligi, namwomba aende Huddersfield akaisome siku ya kuzaliwa kwake.

Sasa nahitaji klabu ya mfano, na hapa pana tatizo la kiusalama. Mji wetu huu wa Hull umekatwa na mto. Magharibi ni Hull FC, weusi kwa weupe; mashariki ni Hull KR, wekundu kwa weupe; na naona tangu mlivyoingia mmekaa vivyo hivyo, hii njia ya katikati ya viti ikiwa ndiyo mto wenyewe. Mwaka 1980 timu hizi zilipokutana Wembley katika fainali ya Kombe la Challenge, kuna aliyeweka bango kando ya barabara kumwomba wa mwisho kutoka mjini azime taa. Mashariki walishinda 10 kwa 5. Hamjambo, upande ule, makofi yanatosha. Na mwaka 2025 wakabeba makombe yote matatu ya msimu, nasema nimesema, shukeni. Nikiitaja klabu moja hapa sitafika kwenye gari langu. Mtu ninayemjua aliyependwa kingo zote mbili ni Clive Sullivan, aliyechezea timu zote mbili na akawa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1972, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Ile barabara kubwa ya kuingilia mjini ina jina lake. Mimi bado sijapewa hata kichochoro, kwa hiyo nitasema Klabu Fulani, na jezi yake ni ya kijivu.

Tuseme Klabu Fulani inauza tiketi ya msimu kwa pauni 260. Msimu wa Super League, daraja la juu la raga ya ligi, una raundi 27. Raundi moja, ile wikiendi ya Magic, huchezwa na wote katika uwanja wa watu wengine. Zimebaki 26, nusu yake ni nyumbani: mechi 13. Pauni 260 kwa mechi 13 ni pauni 20. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la nne ameshafika.

Mtaalamu ndipo anapoanza. Mechi ni dakika 80. Kumi na tatu mara 80 ni dakika 1,040. Gawanya. Peni 25 kwa dakika.

Nawapa muda mkae nayo.

Peni 25 kwa dakika! Refa akisimamisha saa kumwita daktari, unapata dakika za bure. Anayeondoka dakika ya 75 ili awahi foleni ya magari ametupa pauni moja na peni 25, na akifanya hivyo msimu mzima ametupa pauni 16 na robo. Niliwahi kusimama kwenye lango la kutokea nikiwaeleza hayo wanaowahi magari. Hawakusimama.

Halafu ipo kodi. Kiingilio cha mechi kinabeba kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, na imo ndani ya bei uliyolipa. Katika zile pauni 20 zako, pauni 3 na peni 33 ni za serikali, klabu inabaki na 16 na 67. Waziri wa Fedha wa Uingereza anahudhuria kila mechi ya kila klabu, mashariki na magharibi, na hajawahi kulowa.

Sasa mafungu. Fomu ninayo hapa mkononi, imekunjwa mara nne na ina doa la mchuzi, msiniulize. Mtu mzima, bei hii. Mzee, bei ile. Mwanafunzi, kijana, mtoto, mtoto mdogo, kila mmoja na kisanduku chake. Jirani yangu ana wana watatu. Mwaka huu mmoja amevuka kisanduku kwa siku tisa, na nimemkuta baba mtu anatazama cheti cha kuzaliwa kama anayetafuta kosa la karani. Hii ndiyo hekima ya bei: mtoto anaingizwa karibu na bure, anazoea, anajua nyimbo, anajua dirisha la pai lenye foleni fupi, na siku anapoanza kulipa bei ya mtu mzima hana tena pa kwenda.

Lakini fungu lililonikosesha usingizi ni la kusimama. Raga ya ligi, tofauti na ligi kuu ya soka ya nchi hii, haikulazimishwa kuweka viti kila mahali. Majukwaa ya kusimama bado yapo, bia unaweza kuinywa ukiutazama uwanja, na mashabiki wa timu mbili wanachanganyika bila ukuta wa askari. Aliyesimama analipa kidogo kuliko aliyekaa. Jambo la kawaida, mtasema. Hapana! Anayeimba ni nani? Aliyesimama. Anayempigia kelele refa mpaka refa ajikune sikio ni nani? Aliyesimama. Aliyekaa amenunua kiti pamoja na kelele za mwenzake, na klabu imeuza kelele hizo bila kumlipa mwimbaji hata peni. Kwa haki, mwenye kiti angemlipa mwenye miguu. Niliandika barua kuhusu hili. Nilijibiwa kwa tangazo la skafu.

Sasa shikeni viti vyenu. Tangu msimu wa 2025, kukaa Super League hakutegemei ushindi uwanjani peke yake. Kampuni ya IMG ilileta mfumo wa alama 20: mashabiki 5, matokeo 5, fedha 4.5, uwanja 3, jamii 2.5. Tazama mtego ulivyotegwa. Ukishusha bei, watu wanajaa, alama za mashabiki zinapanda. Lakini mfuko unapungua, na alama za fedha zinayumba. Ukipandisha bei, mhasibu anatabasamu na majukwaa yanatoa mwangwi. Utata huu nimeupa jina langu, na naomba vitabu vya baadaye viufuate.

Ndiyo, kijana wa sambusa? Anauliza: kwa kuwa tangu 2024 kila mechi ya Super League inaonyeshwa kwenye skrini, kwa nini asikae nyumbani? Swali zuri, halihusiani na mada. Na wewe wa nyuma? Kama mimi mwenyewe nina tiketi ya msimu. Mtaalamu akishanunua tiketi, ndugu yangu, ameshachagua upande, na utafiti wake umeingia doa. Tuendelee.

Mama wa safu ya pili, nimekuona muda mrefu. Sema, mama. Msikizeni. Anasema: "Mwanangu, hesabu zako za dakika nimezisikia. Mimi nauliza hivi, mechi zinaanza Februari, mbona pesa wanaitaka Oktoba?"

Swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini nitalijibu. Kuna bei ya waliowahi, mama. Ukilipa mapema unapunguziwa. Klabu inakuzawadia kwa uaminifu...

Anasema hajamaliza. Anasema: "Hawanipunguzii, wananikopa. Msimu umekwisha, uwanja umefungwa, mlangoni haingii mtu, na wachezaji wanataka mshahara wa Novemba, wa Desemba, wa Januari. Wanapata wapi? Kwangu. Huu ni upatu, mwanangu, tofauti ni kwamba kila mwaka anayepokea ni yuleyule."

Msimpigie makofi kiasi hicho. Hoja hii iko kwenye ukurasa wangu wa tisa, nilikuwa naijia.

Ukurasa wa tisa, basi. Kile mnachokiita punguzo ni riba ya mkopo wenu, imelipwa mapema. Mkopo wa pauni 260 usio na dhamana, anaoutoa dereva wa basi kwa kampuni ambayo hangeikopesha baiskeli yake. Klabu ikifilisika, mwenye tiketi anapanga foleni na wadai wasio na dhamana, nyuma kabisa ya benki. Si hadithi za kutishana. Nendeni Bradford. Uwanja wao wa Odsal ni bakuli kubwa la ardhi, na mwaka 1954, fainali ya Kombe la Challenge ilipochezwa upya kati ya Warrington na Halifax, walihesabiwa watu 102,569 humo ndani. Bradford Bulls walikuwa mabingwa wa Super League mara nne, ya mwisho 2005. Kisha 2012 wakawageukia mashabiki wao wakiomba pauni milioni moja ili klabu isife. Watu wakachanga kweli, ndoo zikapita, nusu milioni ya kwanza ikapatikana haraka. Mwaka huohuo klabu ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Januari 2017 kampuni ikavunjwa kabisa, na timu ikaanza upya katika daraja la pili, chini ya wamiliki wapya, ikiwa imekatwa pointi 12.

Na wale mashabiki, mama, walifanya nini? Walirudi. Nadharia yangu ya peni 25 kwa dakika haina nafasi ya kuwaweka watu hao, nimejaribu kila fomula. Mtu aliyetoa mkopo, akatoa mchango, akaona klabu inavunjwa, anarudi dirishani na kuuliza kama kiti chake bado kipo. Bei yoyote utakayomwandikia huyo si bei, ni kiasi atakachoweza kuficha mkewe asikione.

Anasema mama kwamba yeye ndiye anayemficha mumewe. Iandikwe.

Kwa ushauri wa vitendo, kabla ukumbi haujatakiwa na kwaya: tiketi inayozidi pauni 100 ukiinunua kwa kadi ya mkopo, sheria ya Uingereza inampa mwenye kadi dai juu ya benki yake klabu ikishindwa kutimiza. Kadi ya mkopo, si ile ya kawaida ya kutolea pesa. Someni pia maandishi madogo, maana mechi za makombe na za mtoano kwa kawaida hazimo, na hizo ndizo zinazotoa machozi.

Na kwa kuwa mmeonyesha kiu ya elimu, natangaza mihadhara yangu ya msimu ujao. Bei ya waliowahi inaisha Ijumaa. Wanafunzi na wazee wanapunguziwa. Wanaosimama ukutani watalipa kidogo, waliokaa watalipa zaidi. Idadi ya mihadhara itatangazwa baadaye, muhadhara wa fainali haumo, na pesa hairudishwi kwa mvua, ugonjwa wala kufilisika kwa mtaalamu.

Mama wa safu ya pili anasema yeye atalipa mlangoni, siku yenyewe, akishaona kama nimefika.

Mlangoni, mama, bei ni nyingine.