Chombo Kizima, Kompyuta Imezimia

Mtu akisikia kuna watu wanaojaribu michezo ya anga ya mtandaoni kabla haijasasishwa, hudhani ni kula bata tu: kukaa kitini, kurusha vyombo, kulipua adui, siku imeisha. Mwenyewe mjaribu anaweza kushinda akibamiza chombo kilekile kwenye ukuta wa kituo kilekile, akisubiri kipenye. Kikipenya anashangilia, kisha anaanza upya, maana mafundi watamuuliza: kilikuwa mwendo gani, kimebeba nini, na kabla ya hapo ulibonyeza wapi?

EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, uliozinduliwa Mei 2003, una seva maalumu ya shughuli hizi. Jina lake Singularity. Wenyewe huiita Sisi. Huko sokoni risasi huuzwa ISK 100, fedha ya mchezo, na manowari ambayo kwenye seva halisi ingemkondesha mtu kwa kuikusanyia fedha nayo huuzwa ISK 100. Kila mmoja bwanyenye. Siku seva inaponakiliwa upya kutoka ile halisi, utajiri wote unafutika, na bwanyenye wa jana anabaki kama mtu aliyerudisha suti ya kuazima baada ya harusi.

Lakini kioja cha kusimulia vizazi kilitokea nje ya Sisi, Desemba 2007, toleo la Trinity lilipotoka. Watu walikuwa na hamu na michoro mipya, vyombo vinavyong'aa kuliko vile vya zamani. Mchezo ulikuwa na faili lake dogo liitwalo boot.ini. Windows XP nayo ilikuwa na faili la jina hilohilo, likikaa kwenye mzizi wa diski C, nalo ndilo lililoielekeza kompyuta iamkie wapi. Sasisho likaagizwa lifute lile la mchezo. Katika kuandika njia, alama moja ya mkwaju ikakaa mahali pasipo pake, na agizo likaenda moja kwa moja hadi mzizi wa diski. Likafutwa la Windows.

Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kompyuta iliyokwisha kuwaka hailihitaji tena faili hilo. Watu wakaendelea kustarehe na vyombo vyao vipya. Kizaazaa kilianza mtu alipozima na kuwasha: baadhi ya mashine ziligoma kabisa. CCP ilikiri hadharani na kueleza namna ya kulirudisha faili. Maelezo yenyewe yalikuwa mtandaoni, mahali ambapo mwenye kompyuta iliyozimia hana njia ya kufika.

Uingereza nako hakukosa vituko. Mwaka 2016 kampuni ya Frontier ilitoa sasisho la The Engineers katika mchezo wake wa anga, Elite Dangerous, ili wachezaji waweze kuboresha silaha zao. Ghafla vyombo vinavyoendeshwa na kompyuta vikaanza kuwamiminia watu moto wa silaha ambazo hazikuwahi kubuniwa: nguvu ya silaha moja, kasi ya nyingine. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba akili bandia imejiundia silaha. Kumbe hitilafu ya mtandao ilikuwa imekoroga takwimu.

Wapo pia wajaribu wasiojali chombo kikipenya ukuta. Wao ni walinzi wa historia ya kubuni, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndio wagumu zaidi kuridhika. Mbona mlipuko unasikika, na angani hakuna hewa? Jibu la EVE: kompyuta ya kapsuli anamokaa rubani humtengenezea sauti ili ajue kinachoendelea. Mbona chombo kikizima injini kinasimama, badala ya kuendelea kuteleza? Mtambo wa warp, ule wa safari za kasi, ukatupiwa lawama, eti ndio unaokishika breki. Mchezo umejengwa hivyo tangu mwanzo. Sababu imetafutwa baadaye, kwa uso mkavu kabisa.

Mwaka 2011 mambo yaligeuka: safari hii wachezaji ndio walioiandika historia hiyo. Toleo la EVE liitwalo Incarna liliwapa marubani chumba cha kutembea chenye mlango usiofunguka, pamoja na duka la mapambo lenye miwani ya jicho moja iliyozidi dola 60. Wachezaji wakafurika Jita, soko kuu la mchezo, wakaumiminia risasi mnara uliosimama nje ya kituo. Baadaye mnara huo ukawekwa upya ukiwa gofu, na hasira za wateja zikaingia katika historia rasmi ya ulimwengu huo. Chumba chenyewe kiliondolewa 2017, mlango ukiwa bado umefungwa.

Basi msomaji, ukialikwa kujaribu toleo jipya, nakili mafaili yako pembeni kwanza. Halafu, kabla hujatuma ripoti kwamba kila kitu kiko shwari, zima kompyuta uiwashe tena.