Barua ya Wazi: Naomba Kuongezewa Umaskini

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Udahili,

Nawaandikia nikiwa likizo nyumbani Diepkloof, Soweto. Natumia Kiswahili, lugha ya mama yangu aliyekuja kuolewa huku kutoka Tanga, kwa kuwa brosha yenu inasema chuoni kwenu kila sauti husikika.

Kwanza shukrani. Chuo kinachotoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka kinanilipia karibu zote, na sirudishi hata senti.

Tatizo langu ni kwamba sina matatizo ya kutosha. Mlitaka insha isiyozidi maneno 650 kuhusu vikwazo nilivyovishinda. Rasimu ya kwanza ilimtaja baba, mwalimu wa hesabu. Geti letu la rimoti. Na babu, ambaye Kaizer Chiefs wakiwafunga Orlando Pirates hagusi chakula. Tunakaa Diepkloof Extension, mtaa ambao Soweto nzima huutania kwa jina la Diepkloof Expensive. Mshauri wenu alinijibu kwa upole: mbona Soweto siioni humu?

Basi nikaandika kuhusu mshumaa. Mgao wa umeme ulikuwepo kweli, na mshumaa ulikuwepo. Sikuongeza tu kwamba giza hilohilo liliwakuta matajiri wa Sandton.

Mkanipokea. Miezi michache baadaye nikapanga foleni ya viza, hukohuko Sandton. Sheria ya Marekani ya uhamiaji, ya mwaka 1952, humhesabu mwombaji kuwa mhamiaji hadi athibitishe vinginevyo. Mwanafunzi lazima aonyeshe kwamba ana makazi asiyokusudia kuyaacha. Nikabeba hati ya nyumba, karatasi za mshahara wa baba, na picha ya lile geti. Kwenu nilikuwa msichana anayeikimbia Soweto. Dirishani nilikuwa msichana asiyepata usingizi nje ya Soweto. Pande zote mbili ziliridhika.

Cheti cha Kiingereza nacho mlikidai. Juni 16, 1976, wanafunzi wa hapa waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi; Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa, alikuwa na miaka 12. Kiingereza changu cha darasani kililipiwa hivyo. Ninyi mkataka nikilipie tena, kwa dola, mbele ya kompyuta.

Darasani kwenu tunakaa duara. Ikitajwa siku hiyo ya 1976, duara zima hunigeukia kana kwamba ndimi niliyebeba bango, wakati hata mama yangu alikuwa hajazaliwa. Siwalaumu wenzangu. Vyuo vya aina yenu viliwahi kusimama upande wetu: Hampshire, kule Massachusetts, kiliuza hisa zake katika kampuni zilizofanya biashara na makaburu mwaka 1977, kabla ya chuo kingine chochote Marekani. Novemba 1985 wanafunzi wa Dartmouth walijenga vibanda uwanjani kuonyesha maisha yetu. Januari iliyofuata wenzao waliowapinga wakavivunja kwa nyundo. Vilivunjwa Dartmouth tu. Katika vichwa vya kamati yenu bado vimesimama, na mimi ndiye mpangaji.

Sasa ofisi yenu ya wafadhili imeniomba barua ya shukrani na picha ya nyumbani. Nilipotuma, wakauliza kama ninayo nyingine, iliyo halisi zaidi. Nimepiga hesabu. Viza hainiruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena chuoni tu. Kwa kuosha vyombo bwaloni siwezi kumudu kibanda cha mabati, mpiga picha na vumbi. Naomba posho.

Mkiona gharama ni kubwa, ipo njia rahisi. Kliptown, palipopitishwa Mkataba wa Uhuru wa wapinga ubaguzi mwaka 1955, iko humuhumu Soweto, na mpaka leo zipo familia zinazochota maji kwenye bomba la pamoja. Watoto wa kule wanayo insha yenu, nzima, isiyohitaji mshauri. Hawajawahi kuiandika kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mpo. Wasaka vipaji wenu, wakija Johannesburg, hushukia kwenye shule zenye bwawa la kuogelea. Waandikieni. Picha watapiga mlangoni kwao, bila kukodi kitu.

Wenu mtiifu,
Mwosha vyombo, zamu ya jioni