Mbwa Aliyevuliwa Njuga

Kuku wa tano alipotoweka, mume wangu alipiga simu Koboko. Wiki hiyohiyo mjomba wake akatufikia hapa Arua Hill na mbwa mwekundu, mkia umejikunja kama kata ya kubebea mtungi, shingoni njuga ya mti.

"Huyu habweki, mwanangu," aliniambia. "Njuga ndiyo sauti yake. Msiivue."

Mbwa wa aina hiyo wametoka misitu ya Kongo na Sudan Kusini. Kwenye nyasi ndefu mwindaji hamwoni mbwa wake, basi humfuata kwa mlio wa njuga. Wazungu wanawaita basenji, na mwaka 1937 waliwaonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London. Jina hilo ni ndugu wa neno letu washenzi, nami sioni ushenzi wowote kwa mbwa anayefanya kazi kimya.

Lakini kwetu njuga iligonga ko-ko-ko usiku kucha. Mtoto hakulala, baba mkwe hakulala. Usiku wa tatu niliivua, nikaitundika msumarini jikoni.

Kesho yake, tukila enyasa na angara, shemeji aliyewahi kuishi Marekani alitueleza mashindano ya mbwa wa kuwinda rakuni. Huko usiku mwenye mbwa husikiliza tu: akiitambua sauti ya mbwa wake kwenye nyayo, hutangaza, na wa kwanza hupata pointi 100; rakuni akipanda mti, wa kwanza kutangaziwa mtini hupata 125. Ikionekana mti ni mtupu, pointi zinageuka hasara. Baba mkwe alipenda hilo. "Mbwa mwongo alipe," alisema. Mama mkwe alitazama msumarini, akauliza, "Na asiyeweza kusema?"

Sikumjibu. Usiku ule mbwa alitoka bila hata mlio. Asubuhi kuku wote walikuwepo, yeye hayupo.

Tulimtafuta siku mbili. Mume wangu alipanda boda hadi njia ya Koboko akidhani amerudi kwao. Mimi nilizunguka kila uchochoro nikiita jina ambalo mbwa mwenyewe alikuwa hajalizoea. Mwanamke mmoja anayeuza mihogo aliniambia kwamba usiku amesikia kitu kama mtoto akiimba na kulia chini ya barabara, akakimbia. Hapo nilikumbuka: habweki, ila hulia kwa sauti ndefu ya kupanda na kushuka. Watu wangapi walikuwa wamepita juu yake wakiharakisha hatua?

Alikuwa ndani ya kalavati, mguu wa nyuma umebanwa na mawe, ametapakaa matope. Mbele yake fungo amelala, amekufa. Alikuwa amemfuata mwizi wetu hadi mwisho, na hakuna aliyejua alikopita kwa sababu mimi nilikuwa nimemnyang'anya sauti. Nilipomvuta alinilamba mkono. Nililia palepale, magari yakipita.

Daktari wa mifugo alimwosha majeraha ya meno ya fungo na kumchanja kichaa cha mbwa, chanjo ambayo tulipaswa kumpa siku ya kwanza. Mguu ulipona baada ya wiki 3. Njuga niliifunga shingoni kwa mikono yangu, mama mkwe akinishikia taa.

Nawe ukiletewa mbwa wa pande hizo, mchanje mapema, na njuga yake usiiguse.