Muulize Mjomba Upepo: Ananiishia Pumzi Mlango wa Pili

Safu hii imezoea barua za mapenzi, mirathi, na mbuzi waliokula mahindi ya jirani. Wiki hii mfuko umejaa gereji. Kuanzia Lusahunga mpaka Rusumo, yaelekea kila mwenye turubai na bunduki ya rangi anatafuta kompresa, na aliyekwisha kununua anajuta. Mjomba kakunja mikono ya shati. Tuanze.

"Shikamoo Mjomba. Niko naye mwezi wa tatu sasa. Akianza ana nguvu za ajabu, lakini tukifika mlango wa pili pumzi zinamwishia, anahema, anatetemeka, nami nabaki nimeduwaa na bunduki mkononi. Nimwache? Mnyonge, Nyakahura."

Marahaba, mpwa wangu. Mistari ya kwanza ilinifanya nikutafutie padri, na nilipofika kwenye bunduki nikataka kukutafutia polisi. Bahati yako umeambatanisha picha: kompresa ya tangi la lita 50, mota ya HP 2.

Huyo hana ugonjwa. Wewe ndiye uliyeposa kwa kutazama sura. Uliona geji inapanda mpaka bar 8 ukasema huyu ndiye. Bunduki ya rangi haina shida na bar 8; bar 2 au 3 zinaitosha kabisa. Inachodai ni wingi wa upepo, lita kwa dakika, tena bila kukatika. Bunduki ya kawaida yenye kikombe juu hula lita 200 hadi 300 kwa dakika. Zile za HVLP, ambazo hupunguza rangi inayopeperuka hewani, nyingi hula zaidi ya hapo.

Sasa soma kibati cha mashine yako. Kimeandikwa lita 200, na hapo ndipo wauzaji wanapotupiga chenga. Hiyo ni hewa ambayo pistoni inaimeza, siyo inayotoka kwenye bomba. Inayotoka ni kama theluthi mbili, tuseme lita 130. Na ungekuwa juu kwenye milima ya Ngara, inayopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ungepoteza tena kama sehemu moja ya sita kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Mashine iliyojaribiwa Kariakoo ikapigiwa makofi, ikipandishwa Ngara inaanza kuona haya.

Jirani yako anakushauri uchomelee tangi kubwa zaidi. Mpwa, tangi ni akiba, pampu ndiyo mshahara. Piga hesabu. Kutoka bar 8 kushuka bar 3, tangi la lita 50 linakupa lita 250 za hewa. Bunduki inakula 250 kwa dakika, pampu inarudisha 130. Upungufu ni 120, kwa hiyo akiba inakauka baada ya dakika mbili na ushee: mlango mmoja na kipande. Ukiweka tangi la lita 200 utafika dakika nane, kisha utakaa dakika nyingine kama nane kulisubiri lijae, huku rangi inakauka nusunusu na mota inachemka. Umeongeza deni, hukuongeza kipato.

Anayepiga rangi gari zima atafute pampu ya mkanda yenye silinda mbili, mota isiyopungua HP 3, tangi la lita 150 au 200. Pampu ya namna hiyo ikiwa nzima hutoa kama lita 100 kwa kila HP moja. Na huyo wako usimwache. Mpe bampa, mpe kioo cha pembeni, mpe praima ya kipande kimoja kimoja. Mtaishi vizuri.

"Mjomba, nilisikia ushauri wako kwa mtu mwingine nikanunua HP 3. Nikiwasha, inaunguruma bila kuzunguka, taa za nyumba tatu zinafifia, na jirani ameanza kusema mimi ni mchawi. Mtuhumiwa, Rulenge."

Jirani ana haki ya kushuku. HP 3 ni karibu kilowati 2.2 ikishatulia, lakini sekunde ile ya kuanza mota huvuta umeme mara tano au zaidi ya hapo. Pale Rusumo kuna mitambo ya maji ya megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi. Megawati hizo zote hazikusaidii kitu kama unazipitisha kwenye waya wa pasi uliounganisha kutoka chumbani kwa mama mkwe, mita 40, ukining'inia juu ya mgomba.

Weka kompresa karibu na mita ya LUKU, tumia waya mnene, halafu refusha mpira wa upepo badala ya waya wa umeme. Mpira mrefu unapunguza presha kidogo. Waya mrefu mwembamba unaunguza mota. Ukitaka kupita HP 3, nenda Tanesco ukaulize habari za fezi tatu kabla hujaenda dukani. Na kama unategemea jenereta, usimwamini anayekuambia kilowati 3 zinatosha kwa sababu mota ni ya 2.2. Dai mara mbili au tatu ya hapo. La sivyo nunua kompresa yenye injini yake ya petroli, kama walivyofanya mafundi pancha wengi wa barabarani, ukubali kelele na moshi.

"Kompresa gani inazuia vumbi? Nilipaka Probox yangu nyeupe kando ya barabara Benaco, malori yakapita, sasa ina rangi ya matofali. Mwenye Mchomoko."

Hakuna. Hata ya HP 10 haimkemei dereva wa lori la Kigali. Ondoka kando ya barabara, zungushia nailoni, mwaga maji chini, piga rangi alfajiri. Na ukiipenda hiyo rangi ya matofali, kumbuka kadi ya gari bado inasema nyeupe; wapelekee taarifa TRA.

"Fundi wangu ametengeneza kompresa kwa mashine ya friji bovu na mtungi wa gesi. Ni bei ya kutupa. Nimpe Noah yangu? Mbana Matumizi, Biharamulo mjini."

Mpe mpira wa miguu aujaze. Mashine ya friji hutoa lita 20 au 30 kwa dakika, inafaa kuchorea jina la mtoto kwenye baiskeli. Tena hutema oili, na oili ikichanganyika na upepo rangi inajikunja na kuacha vidoti wazi ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Noah yenye macho mawili inatosha.

Mtungi ndio unaoninyima usingizi. Umetobolewa, umechomelewa, na kila siku maji ya unyevu yanabaki ndani yanaula chuma. Hilo halihusu mitungi tu. Hata tangi la dukani linaoza lisipomwagwa maji kila jioni, hasa msimu wa mvua. Valvu ya usalama isizibwe kwa bolti kwa sababu eti "inapiga kelele". Matangi ya presha yanakaguliwa na OSHA, na gereji ya chini ya mwembe nayo ni mahali pa kazi. Chujio la maji nalo usilibandike kwenye tangi. Hapo upepo bado wa moto na maji yanapita kama mvuke. Liweke mita sita au zaidi mbele, upepo ukishapoa.

"Shikamoo Mjomba. Mume wangu ni fundi rangi. Usiku anakohoa, kifua kinambana, asubuhi anasema ni vumbi la kiangazi. Anavaa barakoa ya kitambaa aliyobaki nayo tangu Korona. Mama Wawili, Kabanga."

Marahaba, mama. Hapa sitanii. Rangi zile zinazochanganywa na hadina zina kemikali iitwayo isosayanati. Huleta pumu, na mtu akishapata pumu ya namna hiyo, kiasi kidogo tu kinaweza kumwangusha. Kitambaa hakizuii chochote. Apate walau barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni, avibadilishe mara kwa mara, na asivute upepo wa kompresa hiyohiyo kupitia bomba: una oili, na ikiwa ya petroli una moshi wa injini. Mpeleke hospitali ya Murgwanza wiki hii, aseme wazi kuwa anapiga rangi ya hadina. Bei ya barakoa aiingize kwenye bei ya kompresa tangu mwanzo.

Nafasi imekwisha. Mnaokwenda Kahama au Mwanza kununua, bebeni bunduki zenu. Mwambie muuzaji awashe mashine, fungua bunduki bila rangi kwa dakika kumi, tazama geji. Ikishuka chini ya bar 3, mshukuru, rudisha pesa mfukoni, nenda duka la pili.