Kufuli Tatu

Kabla ya sanduku, pesa za mama zilikuwa na maficho mengi na usalama haba. Za sokoni alizifunga kwenye pindo la khanga, za ada alizizamisha kwenye ndoo ya mchele, na zile za dharura akazilaza chini ya godoro la bibi. Bibi alikuwa mlinzi mwaminifu, ila hajui uongo: akiulizwa, anaonyesha. Na baba mdogo alikuwa mtu wa kuuliza. "Shemeji, niazime kidogo, Jumatatu narudisha." Jumatatu ya mwezi gani, hakusema.

Ndipo mama akaingia kikoba. Wanawake wa mtaa wetu, Morogoro, wakakutana kila Jumatano chini ya mwembe. Kila mmoja alinunua hisa, kuanzia moja hadi tano, zikagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Mwenye shida ya mtaji aliweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na riba ikarudi kwao wenyewe. Pembeni palikuwa na mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi. Akiba ya namna hii ilianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE. Mama aliisimulia habari hiyo kana kwamba Maradi iko mbele kidogo ya Mikumi.

Pesa zililala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo walikaa nazo wanawake watatu, kila mmoja kwake, na mtunza sanduku hapewi hata mmoja. Mtunza sanduku akachaguliwa mama.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Alhamisi moja televisheni yetu ilipozima, na Jumamosi yake Simba wanakutana na Yanga. Ijumaa mama akaenda msibani. Baba alilitazama sanduku, baba mdogo akamtazama baba. "Hatuibi," akasema baba mdogo, "tunaazima." Akatoka, akarudi na fundi wa kufuli.

Fundi alipiga magoti, akazigusa kufuli moja moja, akaomba maji ya kunywa. Kisha akasema amesahau bisibisi, anaifuata mara moja. Ndugu wawili wale hawakujua kwamba ufunguo wa kufuli ya katikati ulikuwa nyumbani kwa fundi yuleyule, kwenye mkoba wa mkewe, na kwamba hisa za mkewe zilikuwa ndani ya sanduku hilohilo aliloombwa avunje.

Bisibisi haikuja. Walikuja wanawake. Wa kwanza alikuja na kigoda chake, akaketi bila kukaribishwa. Mwekahazina akafuata na daftari. Mama aliingia wa mwisho, akitokea msibani. Hakuna aliyepaza sauti. Mwenyekiti akafungua kikao.

"Mwombaji ajieleze. Mkopo ni wa nini?"

Baba akakohoa. "Televisheni."

"Itazalisha nini?"

Kimya.

"Wadhamini?"

Baba mdogo akanyoosha mkono.

"Na wewe, nani anakudhamini?"

Hata bibi alicheka. Ombi likakataliwa kwa sababu mwombaji si mwanachama, na aliyemwita fundi akaamriwa amlipe usumbufu. Mechi waliitazamia kwenye kibanda umiza, wamesimama.

Wezi wa usiku hawakuwahi kumsumbua mama. Waliomfilisi ni watu wa mchana, wanaopiga hodi, wanaomwita shemeji, wifi, mwanangu. Hao huwezi kuwafungia mlango. Kufuli zile zilimpa jibu lisilovunja udugu: "Funguo haziko kwangu." Mwombaji anaondoka hajatukanwa, na pesa inabaki. Alilisema jibu hilo mara nyingi hata kinywa kikazoea kukataa, na baadaye akaweza kukataa bila kutaja funguo za mtu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipovitaka vikundi kama chao visajiliwe, katika daraja la nne, aliyebeba makaratasi hadi halmashauri ni yeye.

Mzunguko ulipoisha wakagawana. Kwa gawio lake mama alinunua jokofu, akaanza kuuza barafu za ubuyu. Risiti iliandikwa jina lake. Baba aliisoma mara mbili, akairudisha mezani, akauliza kama jokofu linahitaji kusogezwa.

Siku hizi baba mdogo akitaka pesa anakopeshwa kwa maandishi, mama akiwa mkopeshaji na baba mdhamini. Alipochelewesha marejesho ya tairi la bodaboda, mama wala hakunyanyua simu. Aliyekwenda kumgongea mlango alfajiri, kanzu haijapigwa pasi, alikuwa baba.