Namna ya Kuutunza Mti Wako Mjini Mpaka Uishe

Kama shamba la babu yako liko Ayivu, basi tarehe 1 Julai 2020 lilisafiri bila kuondoka: lililala kijijini, likaamka ndani ya Jiji la Arua. Mwembe uliomo haukupewa taarifa. Ukaendelea kupukutisha majani kama siku zote, ila sasa yanaangukia jijini, na jijini majani huitwa taka. Ndiyo maana nimeona nikuandikie mwongozo huu, wewe mwenye kiwanja na mti, uwe Arua au Koboko.

Anza kwa kujua mti ni wa nani. Usicheke. Kiwanja ni chako. Wazee wa ukoo wameshuhudia na mwenyekiti wa kijiji (LC1) amegonga muhuri. Lakini kivuli, kuanzia saa nne asubuhi, ni cha vijana wa boda. Shina ni la mama wa chapati, ambaye ameshapigilia misumari minne ya kutundikia mifuko yake. Maembe ni ya watoto wa shule, yangali mabichi, na huvunwa kwa mawe. Jiwe likikosa embe likapata bati, bati ni lako. Na ikiwa mti wenyewe ni mtini, uliza kwanza kuna nini chini yake, maana zamani Walugbara wa huku walikuwa wakipanda mtini kaburini kwa mzee mwenye jina. Hapo kuna wamiliki wasioonekana, na hao hawasahau. Baada ya hesabu hiyo utakuta umebakiwa na ufagio.

Sheria itakufariji kidogo. Ile ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inasema mazao ya msitu wa binafsi ni mali ya mwenye msitu, ayatumie apendavyo. Funga kitabu hapo hapo, kwa sababu sentensi haijaisha: mradi avune kwa kufuata mpango wa usimamizi na kanuni. Utasema mwembe mmoja si msitu. Ni kweli kabisa. Mweleze hivyo hivyo yule atakayekusimamisha barabarani na magogo yako yakiwa juu ya lori.

Sasa jirani. Kwake kuna dawa moja tu, nayo ni mkaratusi. Huu mti huku kwetu West Nile tunaujua vizuri. Wakulima wa tumbaku walihimizwa kuupanda, kwa sababu tumbaku hukaushwa kwa moto na moto hula kuni. Siku hizi umehamia viwanjani, unakimbilia juu kama mtu anayedaiwa, na mafundi wa ghorofa hununua nguzo zake kabla hazijanenepa. Upande hatua moja ndani ya mpaka, ili mti uwe wako na kiu yake iwe ya jirani. Siku moja atakuja, kofia mkononi: “Mzee, mizizi yako imefika kisimani kwangu.” Usikasirike. Mjibu kwa upole: “Mwanangu, mizizi haina kitambulisho.” Akibisha, mpe mfano wa Salia Musala huko Koboko, panapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Je, kuna mzizi uliowahi kuombwa pasipoti pale?

Kuhusu kupanda kwa wingi, muda mzuri si mvua za Aprili kama ulivyofundishwa shuleni. Muda mzuri ni pale unapoona vijana wenye chombo cha miguu mitatu wakichungulia kiwanja chako kwa jicho moja. Hiyo ni dalili ya barabara. Ile ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina kilomita 92, na kila kilomita ina watu kandokando. Bodi ya ardhi ya wilaya huweka viwango vya fidia. Mche una bei yake, mti uliokomaa una yake. Kwa hiyo panda miembe ishirini kwenye eneo la kutosha kitanda. Mthamini akiuliza mbona imebanana, mwambie ni ya ukoo mmoja.

Waya za umeme nitazipitia haraka. Kwa miaka mingi nguvu tuliyoitegemea ilitoka kwenye jenereta na kituo cha Nyagak chenye megawati 3.5, hazitoshi hata kugombewa. Hata hivyo, taa zikizimika siku isiyo na upepo, mshukiwa wa kwanza ni mti. Utakatwa upande mmoja tu, ule wa waya. Uzito wote utabaki upande wa nyumba yako, ukisubiri dhoruba ya Machi.

Hapo ndipo utakapomwita kijana wa msumeno. Usitamke neno mkaa, kwa maana tangu Mei 2023 amri ya Rais imepiga marufuku kuchoma mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Sema unasafisha kiwanja. Kijana atachukua shina kuwa malipo yake, matawi yatatoweka usiku kwa miguu yao wenyewe, nawe utaachiwa kisiki, ambacho kuking'oa ni bei nyingine.

Kisha ije Januari. Bati litapata moto mpaka maji ya mtungini yawe vuguvugu, na mkaratusi wako mpakani, mwembamba na mrefu, utatoa kivuli cha kumtosha kuku mmoja akisimama wima. Utabeba kiti chako kwenda kwa jirani, ambaye mwembe wake hakuwahi kuukata. Vijana wa boda watakuwa wamehamia pale, na mama wa chapati atakuwa anapigilia msumari wa nne. Jirani atasogea kidogo kukupa nafasi.

“Karibu, mzee. Umekuja kukaa, au umekuja kufuata mizizi yako?”